Somo: Safari ya baiskeli ya siku kadhaa mkiwa kundi, jiandae kwa siku ya tatu

Safari yangu ya kwanza ya siku tano niliimalizia ndani ya gari la mizigo, baiskeli imelazwa ubavuni kwangu kama mgonjwa mwenzangu. Sikuanguka, wala baiskeli haikuharibika. Siku ya kwanza nilikuwa na nguvu za kuuza: kila kilima nakipanda nikiwa nimesimama juu ya pedali, nawaacha wenzangu, kisha nawangoja kileleni na kujifanya nimechoka kungoja. Siku ya pili nikaanza kuhamahama kitini. Siku ya tatu asubuhi nilipokaa tu niliruka, maana ilikuwa kama nimekalia kaa la moto. Kufika saa nne nilikuwa nimeinua mikono.

Kwa hiyo somo hili nimelijenga juu ya siku ya tatu. Kilomita 100 za siku moja, mtu mwenye afya anaweza kuzimaliza kwa ubishi tu. Kazi ni kuamka kesho na keshokutwa ukarudi kwenye kiti kilekile.

HATUA YA 1: Ijue njia kabla hujasema ndiyo

Wengi huuliza kilomita, wakaishia hapo. Uliza na jumla ya mwinuko, hali ya barabara, na upepo huvuma kutoka wapi msimu huo. Kilomita 80 zenye mita 1,500 za kupanda ni siku nzito kuliko 130 za tambarare. Na upepo wa mbisho hauna kilele. Kilima angalau unajua kitaisha.

Kisha piga hesabu ya saa za kutwa nzima, pamoja na za kusimama. Paris–Brest–Paris, safari kongwe iliyoanza mwaka 1891, leo ni takriban kilomita 1,200 na waendeshaji wengi hupewa saa 90 kuimaliza. Gawanya uone: ni kilomita 13 na kitu kwa saa, kula na kulala kumo humo. Mwendo huo barabarani hata mtoto anauweza. Kinachowaangusha watu ni muda unaovuja kwenye vituo. Mkiwa 12, na kila mmoja akalisimamisha kundi mara moja tu kwa dakika 5, saa nzima imekwenda bila gurudumu kuzunguka.

HATUA YA 2: Baiskeli ikukae mwilini

Anza na urefu wa kiti. Kaa, weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa: mguu unyooke bila nyonga kuinama upande. Ukirudisha sehemu pana ya unyayo kwenye pedali, goti litabaki limekunjika kidogo, na hapo ndipo panapotakiwa. Mwambie mwenzako akuangalie kwa nyuma unapoendesha. Nyonga zikiyumba kulia na kushoto, kiti kiko juu mno.

Ukishapata kipimo, funga utepe kwenye nguzo ya kiti kama alama, usikiguse tena. Wiki mbili za mwisho ni marufuku kubadilisha kitu chochote kinachogusana na mwili wako: kiti, viatu, pedali, kaptula.

HATUA YA 3: Mazoezi

Kama tayari unaendesha kila wiki, wiki 10 hadi 12 zinatosha. Ongeza umbali pole pole, karibu sehemu moja ya kumi kila wiki, na kila wiki ya nne punguza ili mwili ushike ulichofanya. Si lazima ufikie umbali wa siku ndefu kuliko zote; robo tatu yake inatosha.

Zoezi lenyewe hasa ni siku mbili mfululizo. Jumamosi kilomita 70, Jumapili 60, hata kama miguu inakataa. Hiyo Jumapili ndiyo mwalimu. Ndipo utakapogundua kwamba kaptula ina mshono mbaya, kwamba chakula unachokipenda hakikai tumboni ukiwa umeinama, kwamba gia yako nyepesi si nyepesi kama ulivyodhani. Siku kumi za mwisho shusha kilomita, lala sana. Mazoezi ya dakika za mwisho hayakuongezei kitu zaidi ya uchovu.

HATUA YA 4: Makalio (tusioneane aibu hapa)

Safari nyingi huvunjika kwa vidonda vya kukalia kabla miguu haijachoka. Msuguano, jasho na bakteria wakikutana siku nzima kwenye ngozi laini, asubuhi yake una jipu. Kaptula yenye pedi huvaliwa bila chupi, kwa sababu mshono wa chupi ndio unaokata. Paka krimu ya kuzuia msuguano kabla ya kuondoka, hasa pale mifupa ya kukalia inapogusa kiti na kwenye mikunjo ya mapaja. Mkifika, usikae na kaptula ile mkipiga hadithi: vua, oga, kausha ngozi, vaa nguo pana. Usirudie kaptula bila kuifua, na usinyoe sehemu hizo siku za karibu na safari.

Njiani, kila dakika 10 au 15 simama kwenye pedali kwa sekunde chache, damu ipite. Na kiti laini kama mto kisikudanganye. Unazama, na uzito unahamia kwenye msamba ambako hautakiwi. Kiti kizuri ni kile ambacho upana wake unalingana na mifupa yako.

HATUA YA 5: Adabu ya kundi

Ukikaa vizuri mgongoni mwa mwenzako, kazi yako inapungua kwa karibu robo hadi theluthi, kutegemea mwendo na umbali kati yenu. Hiyo ndiyo faida yote ya kuwa kundi, na ndiyo hatari yake pia, maana mko karibu.

Gurudumu lako la mbele lisipishane na la nyuma la aliye mbele yako. Yakigusana, yeye anayumba kidogo tu. Wewe unakwenda chini, na walio nyuma yako wanakuja juu yako. Mgeni aache nafasi ya urefu wa baiskeli moja. Macho yasikwame kwenye tairi lililo mbele, yapite juu ya mabega ya mtu uone kinachokuja.

Aliye mbele ni macho ya wote: shimo analionyesha kwa mkono na kulitaja, akitaka kusimama anasema kabla ya kugusa breki. Kila mmoja anaupitisha ujumbe nyuma hadi wa mwisho. Ukitaka kuinuka kitini, kanyaga kwa nguvu kidogo kwanza. Usipofanya hivyo, baiskeli hurudi nyuma kiasi cha shibiri moja, na shibiri hiyo ni ya mtu mwingine.

Kupokezana mbele: anayetoka anaangalia nyuma, anajitoa pembeni, analegeza, wenzake wanampita. Aanze kukanyaga tena mtu wa mwisho akiwa bado ubavuni kwake, la sivyo atajikuta anakimbiza mkia. Anayeingia mbele abaki kwenye mwendo uleule. Nimeona makundi mengi yakikatika hapo: mtu amepumzika dakika 20 mgongoni mwa watu, zamu yake ikifika anataka kuonyesha kifua, na walio nyuma wanaachwa. Mwenye nguvu avute kwa muda mrefu zaidi, asivute kwa kasi zaidi.

Mkizidi 8, gawanyikeni. Na kilimani kila mtu apande kwa pumzi zake, mkutane juu.

HATUA YA 6: Kula kabla ya njaa

Wanga uliohifadhiwa mwilini huisha baada ya saa mbili hivi za kazi nzito. Ukiisha, hakuna moyo wa kijasiri: mikono inatetemeka, unakasirika bila sababu, kilima kidogo kinakuwa ukuta. Kula gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa kuanzia saa ya kwanza. Ndizi moja ya wastani ina kama gramu 25, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe. Kula kidogo kidogo kila nusu saa. Mlo mzito wa mchana hukufanya usinzie kwenye usukani.

Maji yafuate kiu na jua, yakiambatana na chumvi. Kunywa maji matupu kupita kiasi huzimua chumvi kwenye damu, na hiyo ni hatari kweli, si ya kutishiana.

HATUA YA 7: Vifaa

Kila mtu: tyubu mbili, viraka, vibanio vya kutolea tairi, pampu, taa mbele na nyuma, helmeti, koti jepesi la mvua. Kundi: kifaa cha kukata mnyororo, kiungo cha akiba, spoki, kisanduku cha huduma ya kwanza. Mnyororo uliochakaa ubadilishwe wiki tatu kabla, upate muda wa kuzoeana na gia.

Pancha kila mtu anajua kuziba, lakini wengi huziba ileile mara tatu kwa sababu hawakutoa mwiba. Chukua kipande cha pamba, kipitishe pole pole ndani ya tairi kuizunguka yote. Pamba itanasa pale ambapo jicho halioni wala kidole hakitaki kuonja. Kabla ya hapo linganisha tundu la tyubu na tairi, ukitumia vali kama alama, utajua pa kutazama. Tairi likichanika ubavuni, pachika ndani kipande cha tairi kuukuu. Kitakufikisha.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, mimi ndiye mwenye mwendo mdogo kuliko wote. Naogopa kuwachelewesha wenzangu. Nikae nyuma kabisa?

Jibu: Hapana dada, nyuma ndiko kubaya. Kundi hujivuta na kujikunja kama mpira: wa mbele akipunguza kidogo kwenye kona, wa mwisho anakaribia kusimama, kisha inambidi akimbize. Kaa nafasi ya tatu au ya nne, na zamu ya mbele ikikufikia, ipitishe bila kuomba radhi. Unaweza pia kuondoka dakika 20 kabla yao asubuhi pamoja na mwenzako mmoja. Lakini kwenye vituo uwe wa kwanza kuwa tayari. Hapo hata mwenye kasi hakushindi.

Swali: Baada ya saa tatu, kidole cha mwisho na cha pete hufa ganzi. Glavu nene zitasaidia?

Jibu: Kidogo. Hapo kuna mshipa wa fahamu unaobanwa kwenye kiganja upande wa kidole cha mwisho. Badilisha mahali pa kushika kila baada ya dakika chache, usiegemee na mkono ulionyooka kama mti, kunja kiwiko. Angalia kama pua ya kiti imeinama mbele. Ikiinama inakusukuma uzito wote mikononi. Tairi pana kidogo lenye upepo usiozidi nalo hupunguza mtetemo. Ganzi ikibaki siku kadhaa baada ya safari, muone daktari.

Swali: Kaka, goti linaniuma mbele, chini kidogo ya pia ya goti. Likianza njiani nifanyeje?

Jibu: Mara nyingi maumivu ya mbele ni kiti kuwa chini mno au gia kuwa nzito, maumivu ya nyuma ya goti ni kiti kuwa juu. Njiani, shuka gia, zungusha miguu haraka na kwa wepesi, mizunguko 80 hadi 90 kwa dakika. Ukiinua kiti, inua milimita 3 au 5 tu. Na dawa za kutuliza maumivu usizimeze ili uendelee kukanyaga, maana zinazima king'ora moto ukiwa bado unawaka.

Swali: Kuna mmoja wetu, akikaa ubavuni mwangu, lazima gurudumu lake liwe mbele kidogo. Nikimfikia, anaongeza. Nimwambieje?

Jibu: Ha! Kila kundi lina wake. Usimfuate. Baki kwenye mwendo wako mpaka ajikute anazungumza peke yake. Asipoelewa, kiongozi amwambie jioni, faragha. Mimi nilikuwa huyo, na nilishukuru kuambiwa.

Swali: Jioni nakuwa nimechoka hata chakula sikitaki. Nilale tu?

Jibu: Ukilala hivyo kesho utalipa. Kunywa kitu chenye sukari na kitu chenye protini ndani ya nusu saa ya kufika, maziwa yanafaa, kisha oga. Hamu hurudi. Kula wanga wa kutosha, hata kwa awamu mbili.

Swali: Na mtu akishindwa kabisa? Si aibu kupanda gari wakati wenzako wanaendelea?

Jibu: Kosa langu mimi halikuwa kupanda gari, lilikuwa kuchelewa kupanda. Usiku wa siku ya pili nilijua nina kidonda, nikanyamaza. Asubuhi nikaendesha nimekaa upande kukikwepa, na goti la kushoto likavimba kwa mkao ule. Kidonda kilipona kwa siku tano. Goti lilinichukua wiki sita. Kama ningesema jioni ile, ningepumzika nusu siku garini na labda siku ya nne ningerudi kwenye baiskeli. Kwa hiyo mwambie kiongozi usiku, si asubuhi watu wakiwa wameshavaa helmeti. Nafasi ya gari ipangwe mapema, na baiskeli yako ifungwe vizuri, pedali zisitoboe spoki za mwenzako.