Chanjo ya Mtoto: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kwenda Kliniki

Swali "chanjo ni salama?" halijibiki likiwa limefungwa pamoja kama mzigo wa kuni. Lifungue kwanza. Ni chanjo ipi, anapewa mtoto yupi, ana hali gani leo, na akiikosa anangojewa na ugonjwa gani? Tone la polio ulimini si sawa na sindano ya surua mkononi, na mtoto wa Kisumu hakabili hatari zilezile zinazomkabili mtoto wa Nakuru.

Chukua malaria. Chanjo yake ilianza kutolewa nchini Kenya Septemba 2019, katika kaunti 8 za ukanda wa ziwa na magharibi: Kisumu, Homa Bay, Siaya, Migori, Vihiga, Kakamega, Busia na Bungoma. Nakuru haimo. Dozi tatu za kwanza hutolewa mtoto akiwa na miezi 6, 7 na 9, na ya nne huja baadaye. Haizuii malaria yote. Hupunguza ugonjwa, pamoja na ile malaria kali inayomlaza mtoto wodini akihitaji damu, kwa hiyo chandarua kinabaki pale pale kitandani. Familia inayohama kutoka Nakuru kwenda Kisumu na mtoto wa miezi 7 isingoje kuambiwa. Iulize siku ya kwanza ikifika kliniki mpya. Vilevile, anayehamia Baringo au Elgeyo Marakwet atakuta chanjo ya homa ya manjano ikitolewa miezi 9, ambayo haimo kwenye ratiba ya kila kaunti.

Surua, au ukambi, haichagui kaunti. Mgonjwa mmoja anaweza kuwaambukiza watu 12 hadi 18 wasio na kinga, na virusi hubaki hewani hata saa mbili baada yake kutoka chumbani. Anayesema "wa jirani hakuchanjwa na yuko sawa" huenda anasema kweli, ila mtoto huyo amekingwa na waliochanjwa kandokando yake. Kinga hiyo huanza kuvuja waliochanjwa wakipungua chini ya 95 kwa kila 100. Dozi ya miezi 9 huwakinga takriban watoto 85 kati ya 100, na ndiyo maana kuna ya miezi 18. Hiyo ya pili ndiyo wazazi wengi huisahau, kwa kuwa mtoto keshaanza kukimbia na kliniki imeshatoka akilini.

Kuhusu uvumi kwamba chanjo ya surua huleta usonji: ulitokana na makala ya mwaka 1998 nchini Uingereza iliyohusu watoto 12 tu. Jarida lenyewe liliifuta mwaka 2010, na daktari aliyeiongoza akafutwa kwenye orodha ya madaktari. Tafiti za baadaye zilizofuatilia mamia ya maelfu ya watoto hazikuona uhusiano huo.

Sasa maandalizi yenyewe. Tafuta kijitabu cha mama na mtoto siku moja kabla, si asubuhi matatu ikipiga honi. Piga picha ukurasa wa chanjo kwa simu, maana vijitabu huloa, hutafunwa na panya, husahaulika ushago. Kisha uliza mapema, kwa nesi au kwa mhamasishaji wa afya wa kijiji, zahanati hufungua chanjo ya kifua kikuu na ya surua siku gani. Chupa ya kwanza huwa na dozi 20, ya pili 10, na zikishachanganywa na maji yake hazitumiki kupita saa 6. Kwa hiyo vituo vidogo hungoja watoto wajae, na mama aliyetoka mbali hurudishwa akidhani amedharauliwa. Katika vituo vya serikali chanjo za ratiba ni bure.

Mafua, kikohozi kidogo, kuhara kidogo au joto dogo si sababu ya kuahirisha. Mtoto anayeonekana mgonjwa kweli atibiwe kwanza. Yako mambo ambayo nesi lazima ayasikie kabla hajashika sindano: kama mtoto aliwahi kuvimba uso au kushindwa kupumua baada ya chanjo, kama aliwahi kupata degedege, kama kinga yake imeshuka, kama kuna siko seli (ugonjwa wa damu wa kurithi) nyumbani. Siko seli ni ya kawaida upande wa ziwa, na mtoto mwenye nayo anaihitaji chanjo ya nimonia kuliko wenzake, kwani bakteria hao humshambulia vibaya zaidi. Mtoto wa mama mwenye virusi vya UKIMWI huongezewa dozi ya surua akiwa na miezi 6. Mama, mwambie nesi faraghani. Usinyamaze kwa kuwa foleni inasikiliza.

Mvalishe nguo inayofunguka mapajani. Katika wiki ya 6, 10 na 14, sindano ya magonjwa matano (dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini B na Hib, bakteria wa homa ya uti wa mgongo) huchomwa paja la kushoto, na ya nimonia paja la kulia. Sindano ya polio, wiki ya 14, pia huingia kulia. Ukijua hilo, paja likivimba utamweleza daktari ni chanjo ipi. Una haki ya kuomba kuona chupa. Ina mraba mdogo ndani ya duara: mraba ukiwa mweupe kuliko duara, sawa, ukilingana nalo kwa rangi au ukizidi weusi, joto limeiharibu. Alama hiyo haionyeshi kuganda, ingawa barafu nayo huiua sindano ya magonjwa matano. Chanjo hukaa kati ya nyuzi 2 na 8, na stima ikipotea siku nzima si utovu wa adabu kuuliza zilihifadhiwaje.

Baada ya sindano kaa hapo dakika 15 hadi 30. Mzio mkali hutokea katika takriban dozi moja kati ya milioni, na ukitokea huja upesi, huku dawa ya kuutibu ikiwa pale kituoni.

Joto la siku moja au mbili na paja lenye uchungu ni kawaida. Nyonyesha, weka kitambaa cha maji baridi, usikande. Kabla ya kuondoka, mwombe nesi akuandikie kipimo cha panadol ya maji kwa uzito: kwa dawa ya miligramu 120 kwa mililita 5, mtoto wa kilo 5 humtosha mililita 2.5. Aspirini hapana. Joto likipita siku mbili, usilisingizie chanjo. Ukiwa Kisumu, kwenye malaria nyingi, mtoto apimwe malaria. Rudi mara moja ukiona degedege, kilio cha saa tatu kisichonyamazika, au, baada ya matone ya rota (chanjo ya kuhara), kutapika sana na damu kwenye choo.

Athari za chanjo ya surua huchelewa kuonekana: joto na vipele vidogo huweza kuja siku ya 5 hadi ya 12. Ile ya kifua kikuu hutoa kipele mkononi baada ya wiki 2 hadi 4, kikatoka usaha na kukauka chenyewe. Nyanya akitaka kukipaka majani au dawa ya meno, mkatalie kwa upole, kiachwe wazi.

Na aliyechelewa haanzi upya. Huendelea alipoachia, akiacha angalau wiki 4 kati ya dozi na dozi ya chanjo ileile, hata kama ya mwisho ilikuwa mwaka jana.