Kurudi Tukuyu baada ya harusi Mbeya: msimame wapi

Ondokeni Uyole, njia panda ya Tukuyu pale Mbeya, asubuhi. Mchana mvua na ukungu huweza kufunga njia maeneo ya Isongole. Ziwa Ngosi liacheni siku nyingine: ni kupanda kwa miguu msituni, si safari ya viatu vya sherehe wala ya wazee. Chepukeni Kiwira mkaone Daraja la Mungu, jiwe la asili lililovuka mto. Kingo zina utelezi, watoto washikwe mkono. Kijungu, mahali mto unapotumbukia kwenye shimo la mwamba, kiko mbele, eneo la magereza: ombeni ruhusa kabla ya picha.

Miteremkoni tumieni gia ndogo. Breki zikikanyagwa mfululizo hupata moto, mafuta ya breki huchemka, pedeli inalegea na gari halishiki. Mkisikia harufu ya kuungua, egesheni zipoe zenyewe, msizimwagie maji.