Kabla hujapanda treni peke yako Ulaya: mambo ya kuzingatia kwa sisi tunaosafiri kwa viza

Binamu yangu anaondoka Dar mwezi ujao kwenda kuzunguka Ulaya peke yake: Paris, Milano, Venezia, Salzburg, Praha, Berlin. Begi moja la mgongoni, treni, na vitanda vya hosteli. Mimi nilifanya safari ya namna hiyo Oktoba 2024, na kwa wiki mbili sasa ananiuliza swali moja asubuhi na jingine usiku. Nimeona niyaandike yote mahali pamoja, maana najua hayuko peke yake anayejiandaa. Maelezo mengi utakayoyasoma kuhusu safari hizi yameandikwa na watu ambao pasipoti zao hazihitaji viza, ndiyo maana wanaanza na viatu. Sisi tunaanza na karatasi.

Viza ya Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, unaiomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Siku zikilingana, unaomba kwa nchi utakayoingia kwanza. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla, lakini ukingoja hizo 15 unajitafutia presha. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima, na ukinyimwa hairudi. Bima ya safari iwe ya euro 30,000 au zaidi, ihusu nchi zote za Schengen na siku zote za safari, siyo siku za nchi ya kwanza tu.

Ukirudishiwa pasipoti, isome stika ya viza hapohapo dirishani. Kuna tarehe ya kuanza na ya kuisha, na pembeni kuna idadi ya siku. Watu wanasoma tarehe, hawasomi siku. Unaweza kupewa viza inayoanza tarehe 1 Oktoba na kuisha 14 Novemba, huku siku zimeandikwa 30. Hizo za ziada ni nafasi ya kusogeza safari ikichelewa, haujaongezewa likizo. Unakaa siku 30 basi, na siku ya kuingia inahesabiwa, ya kutoka pia. Halafu tazama idadi ya kuingia. Ikiandikwa 1, ukitoka Schengen hurudi. London na Dublin ziko nje ya Schengen. Belgrade na Sarajevo nazo ziko nje, hata kama kwenye ramani zinaonekana ziko njiani. Mtu yuko Budapest, anaona basi la Belgrade kwa bei nafuu, anapanda. Kesho yake anagundua amejifungia mlango, na tiketi yake ya kurudi nyumbani inaondokea Paris.

Chapisha kila kitu kwenye karatasi: tiketi ya kurudi, bima, hosteli zote, taarifa ya benki. Viza haikuhakikishii kuingia. Ofisa wa uwanja wa ndege ana haki ya kukuuliza yaleyale uliyoulizwa ubalozini, na simu isiyo na intaneti haitakusaidia. Tangu Oktoba 2025 wameanza pia kukagua alama za vidole na kupiga picha mpakani badala ya kugonga mihuri, kwa hiyo siku zako sasa zinahesabiwa na kompyuta.

Sasa hili la pasipoti nisikilize vizuri.

Kila mtu aliniambia niiache kwenye kabati la kufuli hosteli, nitembee na kivuli chake, maana wezi wa mifukoni ni wengi. Ushauri huo unafaa kama unatembea mjini. Nikiwa Salzburg, Austria, nililala usiku tatu, na siku ya pili nikataka kwenda kuiona München (Munich), Ujerumani, mara moja na kurudi. Vitanda vya München vilikuwa ghali, na treni ya kawaida kutoka Salzburg haifiki hata saa mbili. Nikaifungia pasipoti kwenye kabati, nikachukua simu yenye picha yake, euro 40 na sandwichi. Nilijiambia kwamba ndani ya Schengen hakuna mipaka.

Kutoka Salzburg treni inavuka mto, na baada ya dakika chache inasimama Freilassing, mji wa kwanza wa Ujerumani. Pale ikasimama zaidi ya kawaida. Wakaingia polisi wanne. Behewa lilikuwa limejaa: wazee wenye fimbo za kupandia milima, wanafunzi, mama mwenye kigari cha mtoto. Walipita viti vingi bila kusimama. Kwangu wakasimama. Kwa kijana mmoja aliyekaa karibu na mlango wakasimama pia. Sitaki kulizungushia maneno jambo hilo: wewe ni mtu mweusi unayesafiri peke yako, utaulizwa. Jiandae kuulizwa kila mahali ambapo mwenzako wa kiti cha pili haulizwi.

Nikatoa simu. Ofisa akaitazama picha, akaikuza kwa vidole viwili, akanirudishia. Alitaka pasipoti yenyewe. Nikamweleza iko hosteli, mwendo wa dakika kumi kutoka hapo tulipo. Akaniambia kwa upole kabisa nichukue mkoba wangu nishuke.

Tulikaa kwenye chumba chenye benchi la mbao na kipasha joto chini ya dirisha. Ile simu ilikuwa na asilimia 18 ya chaji, nikaitumia kuwaonyesha barua pepe ya viza na ya hosteli, hadi ikazima. Waliponiuliza jina la hosteli na mtaa, sikuweza kulitamka wala kuliandika. Vyote vilikuwa ndani ya simu iliyokufa. Nikakaa pale, mtu mzima mwenye kazi yake Dar, sijui ninapolala.

Yule kijana wa karibu na mlango alikuwa Msomali. Kunisikia nikijisemea “Mungu wangu”, akageuka. Kumbe alikulia Eastleigh, Nairobi, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka. Akaniuliza, “Dada, hauna pasipoti?” Nikamwambia ninayo, yenye viza, nimeiacha kabatini isiibiwe. Alinitazama kwa muda, akarudia polepole, “Unayo. Umeiacha.” Hakusema zaidi. Baadaye wakamwita kwenye chumba cha pili, na sikumwona tena.

Kilichonitoa ni vidole vyangu. Ukiomba viza unachukuliwa alama za vidole, na zinabaki kwenye mfumo ambao polisi wa nchi zote za Schengen wanaweza kuusoma. Waliniweka kwenye mashine, viza yangu ikaonekana. Nilishuka treni kama saa tatu na robo asubuhi. Saa saba na nusu mchana wakanipandisha treni ya kurudi Salzburg, na karatasi ya Kijerumani yenye saini yangu mkononi. München sikuiona, na pesa ya tiketi ikapotea. Sikudhulumiwa. Sheria inasema uwe na hati yako unapovuka, na Ujerumani imekuwa ikikagua mpaka wake na Austria tangu 2015, kisha Septemba 2024 ikaongeza ukaguzi kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu. Nilikuwa sijasoma.

Basi fanya hivi. Siku unapobaki mjini, pasipoti unaweza kuifungia. Siku unapopanda treni yoyote inayovuka nchi, hata kwa dakika saba, pasipoti iwe mwilini, kwenye mkoba mwembamba wa tumboni chini ya nguo. Isikae kwenye begi lililo juu ya kichwa chako wala kwenye mfuko wa koti unalovua. Kivuli chake kibaki ndani ya begi. Na jina la hosteli, mtaa na namba ya simu viandikwe kwa kalamu kwenye karatasi, na karatasi ikae na pasipoti.

Treni. Kuna pasi, yaani tiketi moja ya kupandia treni za nchi nyingi. Ile ya Interrail ni ya wakazi wa Ulaya. Wewe unayetoka Afrika Mashariki unanunua Eurail, na ukiwa na miaka 27 au chini kuna bei ya vijana. Usiinunue kwa mazoea. Pasi haikupi kiti kwenye treni za kasi za Ufaransa na Italia, kule lazima ulipie nafasi juu ya pasi. Kama miji yako ni mitano na tarehe unazijua, piga hesabu ya tiketi mojamoja zilizonunuliwa mapema, mara nyingi zinatoka nafuu.

Majina ya miji yajue kwa lugha ya wenyewe, maana ubao wa stesheni hautakutafsiria: Vienna ni Wien, Florence ni Firenze, Cologne ni Köln. Paris haina stesheni moja. Treni za Brussels na London ziko Gare du Nord, za kusini na Italia Gare de Lyon, za Ujerumani nyingi Gare de l'Est, na kati yao unapanda metro ukiwa na begi mgongoni, kwa hiyo jipe saa nzima. Venezia nayo ina mbili: Mestre iko bara, Santa Lucia iko kisiwani. Hosteli za bei nafuu nyingi ziko Mestre, kwa hiyo angalia yako iko upande gani kabla hujashuka. Tazama pia namba ya behewa, siyo namba ya treni tu. Kuna treni za kasi kutoka Berlin zinazokatwa vipande viwili kwenye stesheni ya Hamm, kimoja kinapita Wuppertal, kingine Dortmund na Düsseldorf, na ukikaa kipande kisicho chako utaenda nacho.

Italia, tiketi ya karatasi ya treni ya mkoa inagongwa kwenye mashine kabla ya kupanda, la sivyo ni faini. Na saa: zinaandikwa hadi 24. Ukiona 07:12 hiyo ni saa moja na dakika kumi na mbili asubuhi. Ukichoka kichwa kinarudi kwenye saa za Kiswahili bila kukuomba ruhusa. Weka kengele ya simu kwa namba ileile iliyo kwenye tiketi, usitafsiri.

Hosteli. Beba kufuli lako, dogo lenye namba za siri. Beba kandambili za bafuni, taulo jepesi, na vizibo vya masikio. Uliza mapokezi wanafunga saa ngapi, usidhani wako wazi usiku kucha. Dada zangu, vyumba vya wanawake watupu vipo, na tofauti ya bei ni ndogo. Soma masharti ya umri, baadhi hawapokei wakubwa kwenye vyumba vya pamoja. Miji mingi inatoza kodi ya mgeni kwa kila usiku, na mara nyingi inalipwa ukifika, kwa hiyo usishangae. Kabla hujaweka begi kitandani, inua kona ya godoro na uangalie mishono kwa tochi ya simu. Vidoa vyeusi vidogo ni kunguni. Omba chumba kingine palepale.

Pesa za kwenye simu za kwetu hazitakusaidia dukani kule. Iambie benki yako nchi unazokwenda kabla hujaondoka, na uwe na kadi mbili ambazo hazikai mfuko mmoja. ATM ikikuuliza kama unataka kukatwa kwa shilingi au kwa fedha ya pale, chagua fedha ya pale kila mara. Ukichagua shilingi, mashine inakubadilishia kwa bei yake. Uswisi wana faranga, Cheki wana koruna, Hungaria wana forinti. Uswisi haimo Umoja wa Ulaya, na bando nyingi za Ulaya zinakatika au zinakula salio ukiingia. Zima data treni inapokaribia Basel au Geneva mpaka uwe na uhakika.

Adapta ya umeme nunua Kariakoo, plagi zetu za miguu mitatu bapa haziingii kule kwenye matundu mawili ya duara. Begi lisizidi kilo 9, utalipandisha ngazi nyingi. Ujerumani na Austria maduka yanafungwa Jumapili, nunua chakula Jumamosi. Ukisahau, stesheni kubwa huwa na duka lililo wazi. Maji ya bomba yanakunywika miji mingi, na Roma kuna mabomba mitaani, jaza chupa. Karibu na kanisa la Sacré-Cœur, Paris, mtu akikushika mkono akufunge uzi, vuta mkono na uendelee kutembea, kwani akishaufunga atadai pesa. Metro ikijaa, begi lije kifuani. Usilale kwenye treni ya usiku begi likiwa mlangoni. Dharura yoyote, nchi yoyote, piga 112.

Mwachie mtu mmoja nyumbani orodha ya miji, tarehe na hosteli, na mtumie ujumbe kila ukifika. Tuma ukiwa stesheni, usisubiri hadi uingie kitandani. Tanzania iko mbele kwa saa moja wakati wa kiangazi chao na saa mbili wakati wa baridi, na saa zao zinarudishwa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Wewe ukiona ni saa tano usiku, kwenu ni saa saba, na mama bado yuko macho ameshika simu.