Jina Lako Likae Daftarini: Mwongozo kwa Waumini wa Malindi Walio Ughaibuni

Mimi ni katibu wa jumuiya moja ya Kikatoliki, yaani kikundi cha majirani wanaosali pamoja, mtaa wa Maweni, Malindi, na daftari la mahudhurio hukaa kwangu. Kando ya majina saba humo nimeandika kwa penseli, "yuko nje". Sikuyakata, kwa kuwa aliyesafiri hajahama imani. Lakini paroko akiniuliza kama mtu fulani ni mshiriki hai, siwezi kujibu "ndiyo" ilhali hatujasikia sauti yake kwa miaka minne. Nawaandikia ninyi mlio mbali ili swali hilo lisije likawakuta siku ya harusi, ubatizo au msiba, wakati ambapo hamna nafasi ya kurekebisha lolote.

Tangu maaskofu wa Afrika Mashariki, kupitia shirikisho lao la AMECEA, walipozipa kipaumbele jumuiya ndogo ndogo katika miaka ya 1970, mlango wa kuingilia parokiani umekuwa nyumba ya jirani: mwenyekiti wa jumuiya ndiye anayekutambulisha kwa paroko. Kwa hiyo kabla ya kumpigia paroko, mpigie mwenyekiti. Sisi hukutana Jumamosi saa kumi jioni, tukasoma Injili ya Jumapili inayofuata na kuombea wagonjwa. Saa hiyo London huwa ni saa saba mchana wakati wa baridi na saa nane wakati wa kiangazi, na Toronto ni asubuhi. Ukiomba, kijana mmoja atakuwekea simu mezani katikati yetu nawe utasikiliza na kutaja nia unayotaka tukuombee. Mara moja kwa mwezi inatosha, mradi isikatike.

Jambo linalowasumbua wengi ni hati ya ubatizo. Kwa ajili ya ndoa, ile kadi ya zamani mliyoihifadhi haitoshi. Huhitajika nakala mpya, kwa kawaida isiyozidi miezi sita, kwa sababu Kipaimara na ndoa huandikwa pembeni mwa kumbukumbu ya ubatizo, na nakala mpya ndiyo inayoonyesha kwamba hujafunga ndoa kwingine. Kama ulibatizwa kwenye kigango, yaani kanisa dogo lililo chini ya parokia, usikitafute kitabu kule. Kitabu hukaa makao ya parokia, na kama kigango chenu kimekuja kuwa parokia, ubatizo wako wa zamani utakuwa bado umo katika vitabu vya parokia mama. (Kwa Wamijikenda kigango ni pia nguzo ya kuchongwa inayosimikwa kumkumbuka mzee aliyefariki, hivyo ukiwatuma wazee waulize, sema "kanisa la kigango" ili mwelewane.) Jimbo la Malindi lilianzishwa mwaka 2000, na wenye umri mkubwa kuliko jimbo wataona hati zao zimetajwa chini ya jimbo jingine, hilo halina tatizo. Mpe unayemtuma majina yako kamili ya wakati ule, majina ya wazazi na angalau mwaka.

Wanaotaka kufungia ndoa nyumbani waanze miezi sita kabla, maana kuna barua ya paroko wa unakoishi, mafundisho ya ndoa ambayo mnaweza kuyapata huko huko, na matangazo ya ndoa. Mwenzako asipokuwa Mkatoliki, ongeza muda wa kupata ruhusa ya Askofu. Kwa ubatizo wa mtoto, msimamizi awe ametimiza miaka 16, awe amepokea Kipaimara na asiwe baba wala mama wa mtoto. Shangazi anayependwa lakini hajapata Kipaimara atabaki kuwa shangazi.

Katika kupanga tarehe, tazameni kalenda mbili. Ya kwanza ni ya Kanisa: Alhamisi Kuu hadi Jumapili ya Pasaka hakuna Misa ya mazishi, wala haiadhimishwi katika Jumapili za Majilio, Kwaresima na Pasaka, hivyo msikate tiketi za ndege kabla ya kuzungumza na paroko. Ya pili ni ya majirani. Malindi, na zaidi Lamu, jirani yako wa ukuta kwa ukuta ni Mwislamu, na ndiye atakayeleta mkeka na sufuria kubwa. Ukiweka karamu ya mchana ndani ya Ramadhani umemfungia mlango. Harusi ya mpwa wangu tuliisogeza hadi baada ya Idi, tukamwomba mzee Mwislamu wa nyumba ya pili achinje mbuzi mwenyewe, na wote wakala sahani moja bila mtu kuuliza nyama imetoka wapi.

Kuhusu fedha, nasema kwa uchungu. Mwanajumuiya mmoja aliye nje alituma mchango wa mabati kupitia ndugu yake, na hadi leo hatujaona hata bati moja. Ndugu wawili hawasalimiani. Lipa zaka na michango moja kwa moja kwenye namba ya malipo ya parokia, andika jina lako na la jumuiya, kisha udai risiti na kumtumia katibu picha yake ili nami niandike. Hata hivyo, aliye na zaka kamili lakini hajawahi kupiga simu mtu alipolazwa, wanajumuiya hawamjui. Mama yako akifiwa au akiugua, sisi ndio tutakaosali rozari barazani kwake kila jioni, na tunaposikia habari kwa mara ya kwanza kutoka mtaani badala ya kwako, tunaumia.

Ukija likizo, fika kwenye mkutano wa Jumamosi kabla ya Misa ya Jumapili, ukae kwenye jamvi pamoja nasi. Watoto wako wafundishwe Salamu Maria kwa Kiswahili kabla ya safari, kwa sababu bibi mmoja wa jumuiya yetu huwapa watoto wageni fumbo moja la rozari waliongoze, na huwasubiri kwa utulivu mpaka wamalize.