Kubuni ndege ya pangaboi ya abiria 56 kwa ajili ya X-Plane

Usianzie kwenye Blender, programu ya kuchora maumbo ya 3D. Ndani ya X-Plane, simuleta ya kurusha ndege kwenye kompyuta, ndege hupaa kwa vipimo ulivyojaza Plane Maker, programu yake ya kuundia ndege: simuleta huyakata mabawa na mapanga vipande vipande, kisha hukokotoa nguvu ya hewa kwenye kila kipande. Umbo zuri la Blender ni ngozi tu. Shika karatasi kwanza, na uandike juu kabisa ndege itafanya safari gani.

Tuchukue Dar es Salaam hadi Mwanza, takriban kilomita 850, abiria 56. Ndege yetu tuiite Kipanga 56. Abiria mmoja na mizigo yake mhesabie kilo 95, jumla kilo 5,320. Ndege tupu ya aina hii huwa na kama asilimia 61 ya uzito wa juu wa kurukia, hivyo uzito wa juu ukiwa kilo 20,000, tupu iwe kilo 12,300. Zinabaki kilo 2,380 za mafuta. Injini mbili zikinywa karibu kilo 700 kwa saa, safari ya saa mbili itakula 1,400, na akiba inatosha. Hesabu ikikataa, punguza viti. Ukipunguza uzito wa ndege tupu ili namba zikubali, umebuni ndege isiyoweza kujengwa, na itaruka kama karatasi.

Bawa la mita za mraba 56 litabeba kilo 357 kwa kila mita ya mraba. Hapo uko kati ya ndege mbili halisi za pangaboi, ATR 42-500 yenye kilo 341 na ATR 72-600 yenye 377. Urefu toka ncha hadi ncha uwe mita 26, upana wa bawa mita 2.7 kwenye shina na 1.6 kwenye ncha. Plane Maker huomba urefu wa upande mmoja, kwa futi: mita 13 ni futi 42.65. Anayejaza mita 26 hupata bawa maradufu na ndege inayoelea juu ya barabara ya kutua bila kushuka. Kwa umbo la bawa likikatwa kwa upande, maumbo sanifu NACA 23018 kwenye shina na 23012 kwenye ncha yanafaa kuanzia.

Mkia usiukisie kwa macho. Zidisha eneo la mkia wa mlalo kwa umbali wake kutoka kwenye bawa, kisha gawanya kwa eneo la bawa mara upana wake wa wastani (hapa mita 2.2). Lenga 1.1. Umbali ukiwa mita 13, unahitaji mita za mraba 10.4. Mkia wa wima upe kama mita za mraba 12, kwa sababu injini moja ikizimika, mkia huo ndio unaovuta pua irudi kwenye mstari.

Kitovu cha uzito kiweke asilimia 25 ya upana wa wastani, yaani sentimita 55 nyuma ya ukingo wake wa mbele. Magurudumu makuu yakae sentimita 90 nyuma ya kitovu hicho. Gurudumu la pua likiwa mita 9 mbele ya makuu, litabeba asilimia 10 ya uzito. Likibeba pungufu sana, ndege hukalia mkia wakati wa kupakia.

Sasa pangaboi, na hapa ndipo ndege nyingi za kubuni huharibika. Chagua injini ambayo tabaini (gurudumu linalosukumwa na gesi moto) inayozungusha pangaboi haikuungwa na ile ya kompresa, sehemu inayoshindilia hewa, kama zilivyo PW100 za Pratt & Whitney Canada. Weka mbili za nguvu farasi 2,500. Mapanga sita, kipenyo mita 3.9, mizunguko 1,200 kwa dakika: ncha ya panga itakwenda mita 245 kwa sekunde. Ukijaza mizunguko 2,000, ncha itafika mita 408, zaidi ya kasi ya sauti. Injini itanguruma kwa nguvu zote huku ndege ikijikokota. Wengine hujaza mizunguko ya tabaini yenyewe, ambayo ni maelfu mengi. Giaboksi ipo kwa kazi ya kuipunguza mizunguko hiyo, basi jaza mizunguko ya pangaboi. Kama kiwiliwili kina kipenyo cha mita 2.8, injini ikae mita 4.15 kutoka mstari wa katikati ili ncha ipite sentimita 80 mbali na ukuta wa abiria.

Ruhusu mapanga yajipange sambamba na upepo injini inapozimika. Panga lililobaki bapa husimama kama ukuta, na hakuna mkia utakaolishinda.

Majaribio yafuate mpangilio huu. Kwanza, ukiwa na kilo 20,000 na flapu (vibawa vya nyuma ya bawa) zote chini, punguza mwendo taratibu. Bawa liache kubeba ndege mwendo ukifika karibu kilomita 169 kwa saa. Likiacha mapema mno, tazama flapu kabla ya kugusa bawa. Pili, panda futi 20,000: mwendo halisi uwe karibu kilomita 500 kwa saa, kila injini ikitoa nguvu farasi kati ya 1,300 na 1,600. Mwendo ukizidi hapo sana, ongeza ukinzani wa hewa wa kiwiliwili kidogo kidogo. Nguvu ya injini usiiguse, maana utaharibu jinsi ndege inavyopaa kutoka ardhini. Mwisho nenda Mwanza, mita 1,147 juu ya usawa wa bahari, joto nyuzi 30, ndege imejaa, na uzime injini moja mara tu magurudumu yanapoacha lami.