Video ya HD Inapokwamakwama: Tazama Kodeki Kabla ya Kununua RAM

Mtu anapofungua filamu ya HD kwenye kompyuta ya nyumbani, akakuta sauti inaendelea kama kawaida huku picha ikibaki nyuma au ikirukaruka, mara nyingi ushauri wa kwanza anaoupata ni kuongeza RAM. Ushauri huo huwapotezea watu fedha bure. Kompyuta yenye RAM ya GB 4 inaweza kuonyesha video ya 1080p bila shida yoyote, na nyingine yenye GB 16 ikashindwa kuonyesha filamu ya ukubwa uleule, kwa sababu swali la msingi ni iwapo ndani ya mashine imo sakiti maalumu ya kusimbua aina ile ya video, yaani kuifungua kutoka hali yake ya kubanwa, au kazi yote imeachiwa prosesa.

Uzito wa kazi yenyewe unaonekana kwenye hesabu. Fremu moja ya 1080p ina nukta 1920 kwa 1080, yaani zaidi ya milioni 2. Kila nukta ikichukua baiti 3, na fremu zikiwa 25 kwa sekunde, sekunde moja ya video isiyobanwa hufika takribani MB 155, na filamu ya saa mbili ingezidi TB 1. Kodeki, yaani mbinu ya kubana na kusimbua video, hubana mzigo huo kwa kuhifadhi fremu chache zikiwa kamili, kisha kwa zile nyingine zote hueleza tu kilichosogea au kubadilika. Kompyuta inapocheza video hulazimika kuijenga upya kila fremu kutokana na maelezo hayo, na katika mfano wetu ina milisekunde 40 tu kwa kila moja. Ikichelewa, fremu hutupwa ili picha isiachwe na sauti, na hapo ndipo mtazamaji huona mkwamo.

Kodeki zinatofautiana sana kwa ugumu. H.264, iliyotoka mwaka 2003, husimbuliwa na karibu kila kompyuta iliyotengenezwa miaka ya karibuni. HEVC, ambayo pia huitwa H.265, ilikamilishwa mwaka 2013, na AV1 ilitolewa mwaka 2018. Hizi hutoa faili dogo zaidi kwa ubora uleule, lakini hudai hesabu nyingi zaidi wakati wa kucheza. Kwa hiyo usishangae faili la GB 1 likiishinda mashine iliyocheza la GB 4 bila tatizo.

Anza basi kwa kulijua faili. Lifungue kwa VLC, programu ya bure ya kuchezea video, kisha bonyeza Ctrl na J. Utaona jina la kodeki, vipimo vya picha na idadi ya fremu kwa sekunde. Programu ya bure ya MediaInfo huongeza jambo jingine muhimu, nalo ni idadi ya biti kwa kila rangi. Angalia palipoandikwa "Bit depth". Video ya H.264 yenye biti 10, ambayo hupatikana sana katika katuni za Kijapani, haina sakiti ya kuisimbua katika kadi nyingi za grafiki, hata zile za gharama kubwa, hivyo itategemea nguvu ya prosesa peke yake.

Baada ya hapo soma namba ya prosesa yako. Laptop nyingi zilizotumika ambazo huuzwa katika maduka yetu ya Afrika Mashariki zina Intel Core, na katika namba kama i5-4300U, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi, yaani cha 4. Kizazi hicho husimbua H.264 vizuri, lakini sakiti kamili ya HEVC ya biti 8 ilianza na kizazi cha 6, ile ya HEVC ya biti 10 pamoja na VP9 (kodeki ya Google inayotumika YouTube) ikaja na kizazi cha 7, na AV1 ikasubiri hadi kizazi cha 11. Kwa upande wa NVIDIA, AV1 ilianza na kadi za RTX 30. Anayetafuta laptop ya kutazamia filamu na akajikuta kati ya kizazi cha 6 na cha 7 kwa tofauti ndogo ya bei, namshauri bila kusita achukue cha 7.

Kuwa na sakiti hakutoshi, lazima itumike. Katika Windows, fungua "Device Manager" utazame sehemu ya "Display adapters". Ukikuta "Microsoft Basic Display Adapter", jua kwamba draiva ya grafiki, yaani programu inayoiwezesha Windows kuitumia sakiti hiyo, haijawekwa, jambo ambalo hutokea mara kwa mara fundi anapoweka Windows upya na kuishia hapo. Pakua draiva kutoka tovuti ya mtengenezaji wa laptop au wa kadi yenyewe. Kisha katika VLC nenda "Tools", "Preferences", "Input / Codecs", na mbele ya "Hardware-accelerated decoding" chagua "Automatic". Anayependa mpv, programu nyingine ya kuchezea video, aandike hwdec=auto-safe ndani ya faili la mpv.conf.

Sasa hakikisha kwa macho yako. Video ikiwa inacheza, bonyeza Ctrl, Shift na Esc, ingia "Performance", kisha "GPU", utazame mchoro wa "Video Decode". Mchoro huo ukipanda na prosesa ikabaki chini, sakiti inafanya kazi. Ukibaki sifuri huku prosesa ikikaribia asilimia 100, umeupata ugonjwa. Katika mpv, ukibonyeza herufi i utaona pia hesabu ya fremu zilizotupwa.

Ikiwa sakiti haimo kabisa, suluhisho ninaloliamini zaidi ni kugeuza faili kuwa H.264 ya biti 8 kwa ffmpeg, programu ya bure inayoendeshwa kwa kuandika amri, usiku mashine ikiwa haina kazi nyingine:

ffmpeg -i filamu.mkv -vf scale=-2:720 -c:v libx264 -crf 20 -pix_fmt yuv420p -c:a copy mpya.mkv

Hapo picha inashushwa hadi 720p; kwa mashine iliyo na nguvu zaidi kidogo weka 1080 mahali pa 720. VLC nayo ina chaguo la kuruka kichujio cha H.264 kinacholainisha mipaka ya vipande vya picha, ambalo huipunguzia kazi prosesa ya zamani, ingawa picha huanza kuonyesha vijisanduku.

Kwa YouTube mambo ni mepesi zaidi. Weka kishale juu ya video, bofya kitufe cha kulia cha kipanya, chagua "Stats for nerds", na kodeki itaonekana pale. Ikiwa ni VP9 au AV1 na laptop yako ni ya zamani, kiendelezi cha kivinjari kiitwacho h264ify huomba H.264 badala yake, ila hutapata zaidi ya 1080p.

Zipo dalili ambazo hazihusiani na kodeki. Picha na sauti zikisimama pamoja kisha zikaendelea pamoja, shuku diski au mtandao. Flashi ya USB 2.0 iliyo nzima kwa kawaida hutosha, maana hata Blu-ray ya kawaida haizidi megabiti 40 kwa sekunde kwa upande wa picha, lakini Wi-Fi iliyopita kuta mbili inaweza kushindwa, na hapo waya wa mtandao humaliza mjadala. Video ikianza vizuri halafu ikaharibika baada ya dakika kadhaa, gusa upande wa feni: prosesa iliyopata joto hujipunguzia kasi yenyewe, na feni iliyojaa vumbi inahitaji kusafishwa kabla hujabadilisha mpangilio wowote wa programu.