Kamera ya safari: pima uzito kabla ya kuuliza bei

Kamera yangu ya kwanza ya maana niliibeba mpaka Unguja, nikaiacha chumbani siku mbili kati ya nne. Ikiwa na lenzi yake ndefu ilinivuta shingo kama ndoo ya maji, na vichochoro vya Mji Mkongwe nikaishia kuvipiga kwa simu. Ndiyo maana mtu akiniuliza anunue kamera gani ya bei ya kati, simtajii jina kwanza.

Hatua ya 1: Tembea na sukari. Tia kilo moja ya sukari kwenye begi utakalosafiri nalo, zunguka nayo saa mbili juani. Ukichoka, umeshajua kiwango chako. Mimi nimejiwekea gramu 700, kamera na lenzi pamoja. Kamera ya Sony a6400 na betri yake ina gramu 403. Nikon D7500 ina 720 kabla hujaivalisha lenzi.

Hatua ya 2: Achana na megapikseli. 24 zinakupa picha ya pikseli 6000 kwa 4000, ambayo unaichapisha inchi 20 kwa 13 bila wasiwasi. Ulizia ukubwa wa sensa, kile kibapa cha ndani kinachopokea mwanga. Kwa bei ya kati tafuta saizi inayoitwa APS-C, yaani takriban milimita 23.5 kwa 15.6.

Hatua ya 3: Tenga hela ya lenzi kwanza. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Lenzi inayouzwa pamoja na kamera kwa kawaida ni ya milimita 16-50 au 18-55, na ukiivuta mpaka mwisho tundu lake la mwanga hubaki f/5.6 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa). Sasa nenda nayo Forodhani, kwenye vyakula vya usiku pale Mji Mkongwe, baada ya Magharibi. Mchoma mishikaki yuko chini ya balbu, moshi unapanda, mikono haitulii. Kwa f/5.6 kamera ina mawili: ipandishe ISO, yaani wepesi wa sensa kuhisi mwanga, mpaka picha ijae chenga, au ipunguze kasi ya kufunga mpaka mikono igeuke ukungu. Lenzi ya f/2.8 inaingiza mwanga mara nne ya huo.

Muuzaji atakusifia kifaa cha kutuliza mtikisiko kilichomo ndani ya lenzi hiyo ya f/5.6. Kipo, na kinasaidia ukipiga mlango wa Kizanzibari usiku. Ila kinatuliza mkono wako wewe, mkono wa mchoma mishikaki hakiujui.

Kwa hiyo ningechukua kamera iliyotumika na lenzi nzuri kuliko kamera mpya na lenzi yake ya bure. Kwa Sony ipo lenzi ya kampuni ya Sigma, 18-50 f/2.8, iliyotoka mwaka 2021, gramu 290. Ukiijumlisha na ile a6400 unapata 693. Mzani wangu umeridhika. (Kama unakwenda Serengeti kutafuta chui, hesabu inabadilika: utahitaji lenzi ya kufika milimita 300, na uzito wake uvumilie tu, kwa kuwa utakuwa garini.)

Hatua ya 4: Betri. a6400 hupiga takriban picha 360 kwa chaji moja ukichungulia kwenye kitundu cha jicho badala ya kutazama kioo cha nyuma. D7500, pamoja na unene wake, hufika 950. Ukichagua nyepesi, weka bajeti ya betri mbili za akiba, na kwenye ndege zikae kwenye begi la mkononi.

Hatua ya 5: Ikague pale pale dukani. Nenda na memori kadi yako. Fungua menyu: Sony nyingi zilizouzwa kwa soko la Japani zina Kijapani peke yake. Piga ukuta mweupe kwa f/16, kisha ikuze picha. Vidoa vyeusi ni vumbi kwenye sensa, na hilo husafishika. Halafu mulika ndani ya lenzi kwa tochi ya simu. Ukiona nyuzi kama za utando wa buibui, hiyo ni kuvu. Kwa mtu wa pwani hakuna mjadala, irudishe mezani hata ikishushwa bei nusu, maana unyevu wetu utailisha.

Mwisho mwombe muuzaji mtoke naye mlangoni. Weka fokasi ya kufuatilia, ile inayokifuata kitu kinachosogea, piga bodaboda inayokuja upande wako, picha kumi mfululizo. Namba ya pikipiki ikisomeka kwenye saba au nane, anza kupatana bei.